Nati Iliyogoma

Mama Nyanya aliingia karakana akisukuma mkokoteni mwenyewe, na juu yake pampu ya maji ilikuwa imelala ubavu, oili ikiichuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua. Hakubisha hodi wala hakusalimia. Aliinua mikono ya mkokoteni, pampu ikateleza ikaanguka sakafuni kwa kishindo, katikati kabisa ya njia.

"Chukueni maiti wenu," alisema. "Nimechoka kumlilia."

Mama huyu aliitwa hivyo kwa sababu ya bustani yake ya nyanya kule bondeni, ingawa wasiomjua walidhani ana wajukuu, na hilo lilimkera kila siku ya Mungu. Pampu ile ilikuwa na injini ndogo ya petroli, ya kuvuta kamba. Ndiyo iliyopandisha maji kutoka mtoni hadi kwenye matuta yake. Ilikuwa mara ya tatu kuletwa na ugonjwa ule ule. Kila ilipotengenezwa iliwaka vizuri, ikafanya kazi siku mbili tatu, kisha ikaanza kugonga, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko, halafu ikakata roho.

Karakana ilikuwa banda la mabati lenye milango miwili mikubwa iliyotazama barabara, sakafu imekuwa nyeusi kwa oili ya miaka mingi, na benchi refu la mbao ambalo mwisho wake kulikuwa na jiliwa la kubania vyuma. Ukuta wa kushoto ulichangiwa na seremala, na mbao zake zilikuwa zimeachana kiasi kwamba ukikohoa huku, yeye anakuambia pole kule. Wenye karakana walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Mjomba, hata waliomzidi umri. Wa pili alikuwa mpwa wake, mwanamke wa makamo, mnene wa mabega. Huyo walimwita Radi, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

Hasira za Radi hazikuwa na ngazi. Alitoka chini akafika juu bila kukanyaga katikati. Mama yake alifariki yeye akiwa bado hajaota meno ya ukubwani, na Mjomba, kaka wa marehemu, akamchukua. Mke wa Mjomba alimlea, akawa ndiye anayemwita Mama. Lakini kila alipotoka shule hakuenda nyumbani. Alikwenda karakana, kwa sababu kule kulikuwa na kelele, na yeye kimya kilimtia hofu. Alianza kwa kuosha vyuma kwa petroli, akaja kufungua, akaja kufunga. Alipokuwa msichana mkubwa, mteja mmoja mwenye mashine ya kukata nyasi alisema yeye hafungiwi injini na binti. Mjomba aliinyanyua mashine ile ilivyo, matumbo nje, akaitua barabarani. "Nenda nayo basi," alimwambia, "ukatafute mwanamume wa kukufungia." Yule bwana alibaki barabarani na boliti zake mkononi. Tangu siku hiyo Radi angeweza kupigana na simba kwa ajili ya Mjomba, na mara nyingi alipigana na Mjomba mwenyewe, kwa kuwa simba hawakupatikana.

Mwaka ule, hata hivyo, ugomvi wao ulikuwa wa aina nyingine. Mikono ya Mjomba ilikuwa imeanza kutetemeka. Ilianza kidogo, chai ikimwagika kwenye sahani, skrubu ikimponyoka na kupotelea chini ya benchi. Mjomba alizilaumu skrubu. "Siku hizi wanazitengeneza kwa ajili ya panzi," alisema. Radi alimwambia aende hospitali. Mjomba akamwambia aende yeye, akapimwe mdomo. Basi Radi akaanza kufanya jambo ambalo hakumwambia hata mumewe: Mjomba akishaondoka jioni, yeye alibaki nyuma, akazipitia kazi zake zote, nati kwa nati, akizikaza upya.

Siku moja Mjomba alisahau miwani. Alirudi kuichukua, akamkuta mpwa wake ameinamia jenereta aliyokuwa ameifunga yeye, spana mkononi. Walitazamana. Mjomba alichukua miwani yake juu ya benchi, akaifuta kwa shati, akaivaa, akamtazama tena vizuri, akaondoka. Kuanzia kesho yake alizungumza na Radi kwa kupitia mashine. "Wewe jenereta," alikuwa akisema, "mwambie huyo dada apishe nipite." Radi naye akawa anameza wembe kila asubuhi.

Hali ilikuwa hivyo Mama Nyanya alipoitua pampu yake.

"Mjomba," alisema Mama Nyanya, mikono kiunoni, "mara ya kwanza nilisema bahati mbaya. Mara ya pili nikasema shetani. Leo niseme nani?"

Mjomba alichuchumaa taratibu, akafungua kava la juu la injini. Ndani yake kulikuwa na roka mbili, vile vipande vya chuma vinavyocheza kama watoto wawili kwenye ubao wa kubembea: fimbo inasukuma upande mmoja juu, upande wa pili unaikandamiza valvu ifunguke. Kila roka hushikwa mahali pake na nati inayokaa kwenye stadi, yaani chuma chembamba chenye hesi, ile mistari ya kuzungushia nati, kilichopandwa kwenye hedi, kichwa cha injini. Roka moja ilikuwa imelala kando kama mlevi, fimbo yake imechomoka, valvu haifunguki wala haijui kinachoendelea.

"Imelegea," alisema Mjomba.

"Imelegea!" Mama Nyanya alidakia. "Hilo hata nyanya zangu zinajua!"

"Nilikaza," alisema Mjomba. Hakuwa akimjibu mteja. Alikuwa akiiambia injini. "Nilikaza mwenyewe, na nati ya juu ya kuifungia nikaibana."

Radi alikuwa amesimama nyuma yake, na kile kilichokuwa kikichemka miezi mingi kikafika kwenye mfuniko. Mlangoni kulikuwa na wateja wengine wawili, na upande wa pili wa mbao randa ya seremala ilikuwa imesimama.

"Ulikaza kwa kutumia nini, Mjomba?"

"Spana. Ulitaka nikaze kwa meno?"

"Bora ungekaza kwa meno! Si nati iliyolegea hapa, ni mikono yako! Mikono imekwisha, Mjomba, na wewe hutaki kusema, na sisi wote tunaaibika!"

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliinuka, akishikilia ukingo wa benchi. Alivua ovaroli yake pole pole, mguu mmoja baada ya mwingine, akabaki na suruali ya kawaida na fulana, akaonekana mdogo kuliko walivyomzoea. Aliiweka ovaroli juu ya jiliwa. Kisha akatoka kwa mlango mkubwa, akapita katikati ya wale wateja, nao wakampisha kama wanavyopisha jeneza.

"Mh," alisema seremala nyuma ya mbao.

"Wewe randa mbao zako!" Radi alimfokea.

Akaikamata pampu. Aliirudisha fimbo mahali pake, akaizungusha injini hadi valvu zote mbili zikafunga, akaingiza kijibati chembamba cha kupimia kati ya roka na valvu, akairekebisha nati mpaka kijibati kikapita kwa kujikwaruza kidogo. Kisha akaibana ile nati ya pili ya kufungia. Akaibana tena. Aliibana kwa hasira za miezi yote, hadi mpini wa spana ukamwachia mchoro kiganjani. Alivuta kamba, injini ikawaka, ikanguruma safi.

"Umesikia?" alimwambia Mama Nyanya. "Hiyo ndiyo nati iliyokazwa."

Siku zilizofuata Mjomba hakuja kazini. Radi alijiambia kwamba hiyo ndiyo nafuu. Alifungua karakana peke yake, akafunga peke yake, na kila mteja aliyeuliza, "Mjomba yuko wapi?" alijibiwa kwa namna iliyomfanya asiulize tena.

Nyumbani, mumewe, ambaye alikuwa kinyozi na mtu wa maneno machache kwa sababu wateja wake walimaliza maneno yote mchana, alimwangalia akikata vitunguu kama anayepasua kuni.

"Hasira hasara, mke wangu," alisema.

"Mimi sifanyi biashara ya hasira. Nagawa bure."

"Umeenda kumwona mzee?"

"Nikamwone kwa lipi? Ukweli ni ukweli."

Kinyozi aliinua mikono kama aliyeshikiwa bunduki, akaenda kuoga.

Haukupita muda, simu ikapigwa. Ilikuwa Mama Nyanya, na safari hii hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha Radi zaidi. "Njoo bondeni," alisema. "Njoo uone kazi yako."

Radi alikwenda na mfuko wake wa spana. Bustani ilikuwa kwenye mteremko, matuta yamepangwa vizuri kuliko nywele za wateja wa mumewe, lakini matuta ya juu majani yalikuwa yamejikunja na nyanya changa zimesinyaa kwenye vikonyo. Pampu ilikuwa ukingoni mwa mto, kimya, bado ina moto. Mama Nyanya alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Imeanza kugonga asubuhi," alisema. "Nikaizima kabla haijafa yenyewe. Sasa nieleze, fundi. Mzee mikono imekwisha. Yako je?"

Radi alipiga magoti kwenye tope, akafungua kava. Roka ilikuwa inacheza. Aliigusa nati kwa kidole, akitegemea izunguke. Haikuzunguka. Aliijaribu ile ya kufungia. Ilikuwa imebana vile vile alivyoibana, zimeshikana kama ndugu mapacha. Akazishika zote pamoja kwa vidole, akazungusha, na hapo ndipo aliposhuhudia kilichokuwa kikiendelea muda wote. Stadi yenyewe ilizunguka. Nati haikuwa imelegea kamwe. Stadi ndiyo iliyokuwa ikipanda juu kidogo kidogo, ikitoka kwenye hedi na kuibeba nati juu yake. Hesi za ndani ya hedi zilikuwa zimelika. Injini ikiwa baridi zilishika, ikipata moto na mtikisiko zikaachia. Alizungusha mara chache tu, stadi ikamtoka mkononi kama jino la utoto, na unga wa alumini umeng'ang'ania mwisho wake.

Unaweza kukaza nati kwa mikono ya chuma, kwa winchi ya bandarini, na kama stadi haina pa kushika unajisumbua tu.

Alikaa chini kwenye tope. Alitafuta mtu wa kumkasirikia. Alimtazama Mama Nyanya, akautazama mto, akaitazama stadi. Kila mlango aliobisha ulikuwa umefungwa, akabaki yeye na yeye.

"Kwa hiyo mzee alikaza," alisema Mama Nyanya.

"Alikaza."

"Na wewe ukamvua nguo mbele yangu."

"Mama, nyamaza."

"Sinyamazi. Shamba langu, kinywa changu. Na haya matuta matatu nani atanirudishia?"

Radi aliinuka, akaibeba ile injini kifuani hadi barabarani bila kuomba msaada, tope mpaka mapajani.

Aliishusha karakana, wala hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mjomba. Mama, mke wa Mjomba, ndiye aliyefungua mlango, akamtazama kuanzia tope hadi uso, wala hakumkaribisha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kuvunja nini leo?"

"Nimekuja kumwona Mjomba."

"Mjomba wako hali vizuri. Kijiko anaweka chini, anaangalia mikono yake. Miezi yote hii nimemfichia aibu hiyo humu ndani, namjazia kikombe nusu ili asimwage, wewe ukaenda kuitangaza barabarani." Akasogea pembeni. "Pita. Vua viatu."

Mjomba alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake cha kamba, redio inaongea peke yake. Radi alimwonyesha stadi. Aliiweka kwenye meza, na mzee akaitazama bila kuigusa.

"Hesi zimelika kwenye hedi," alisema Radi. "Haikuwa nati. Mimi pia nilikaza, ikatoka."

"Enhe."

"Ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo nini? Umekuja kunipa habari za injini? Hizo peleka kwa mwenye injini."

"Mjomba, nimekuja kukuambia haikuwa wewe!"

"Mimi nilikuwa najua haikuwa mimi!" Mzee alipiga mkono wa kiti, na mkono wake ukabaki ukitetemeka hewani, akauacha utetemeke, Radi auone. "Unadhani sijui kwamba natetemeka? Nani anakunywa chai hii, wewe? Kila nati ninayoikaza naikaza kwa mikono miwili, kiwiko nimekiegemeza, halafu naijaribu tena, halafu naijaribu tena. Kwa nini unadhani nachelewa? Wewe unaona mzee anasinzia juu ya kazi. Halafu unapita nyuma yangu jioni kama mwizi!"

"Ungeniambia basi! Ungesema, Radi, mikono inanisumbua! Mimi si mtu baki!"

"Nikuambie wewe? Wewe ukiambiwa siri, seremala anajibu!"

Kutoka jikoni Mama alicheka bila kutaka, kisha akajikohoza. Radi alisimama pale, miguu mitupu. Neno lenyewe lilipotoka lilitoka kwa sauti ya kugombana.

"Nisamehe, basi! Nimekosa! Nisamehe!"

"Usinipigie kelele."

"Ndiyo sauti yangu!"

Mjomba alizima redio. "Ulinitukana wapi?" aliuliza, sasa kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali.

"Karakana."

"Mbele ya nani?"

Radi alielewa. "Mjomba, usinifanyie hivyo."

"Humu sebuleni hukunitukana. Humu sina deni na wewe. Nenda kalipie dukani ulikokopa."

Alikasirika njia nzima ya kurudi, na kinyozi alipomsikiliza mpaka mwisho na kusema, "Mzee ana haki," alimkasirikia na yeye. Lakini asubuhi alivaa ovaroli safi. Alimpigia Mama Nyanya aje. Aliwatafuta wale wateja wawili wa siku ile. Mmoja alikuja kwa udadisi, mwingine alisema ana kazi, akaja baadaye akikimbia. Mjomba alifika amevaa shati la mikono mirefu, akasimama mlangoni, upande wa nje.

Radi aligonga mbao za ukuta. "Na wewe seremala, toka. Usisikilizie ufani kama panya."

Seremala alitoka, amejaa unga wa mbao mpaka kwenye kope.

"Nilisema hapa," Radi alianza, akiangalia jiliwa, "kwamba pampu ya huyu mama ilikuwa inalegea kwa sababu ya mikono ya Mjomba. Nilisema uongo. Sikukusudia uongo, lakini ulikuwa uongo. Stadi ilikuwa mbovu. Mimi mwenyewe nilikaza ikatoka vile vile. Nilimwaibisha aliyenilea, mbele yenu, bila hata kuchunguza. Nimekosa." Akanyanyua uso, macho mekundu kwa ghadhabu na kitu kingine. "Na atakayecheka nitamzibua."

Hakucheka mtu. Seremala alijikuna. Mama Nyanya ndiye aliyesema, "Vizuri. Sasa na mimi niombwe radhi kwa matuta."

"Wewe nilikuambia uiache pampu tangu mara ya pili," Mjomba alimwambia, akiingia ndani. "Nilitaka kuichunguza ikiwa na moto. Ukasema nyanya hazisubiri. Hata wewe tuliza mdomo."

Mama Nyanya aliwapisha benchi.

Radi na Mjomba waliishughulikia pampu pamoja. Walifungua hedi yote ili vumbi la chuma lisiangukie ndani ya silinda, wakaibana kwenye jiliwa na vipande vya mbao. Radi alitoboa lile tundu lililolika, akalipanua kwa drili, taratibu, bila kuyumba. Kukata hesi mpya Mjomba alidai ni kazi yake. Radi alifumbua mdomo kukataa, akajizuia. Chuma cha kukatia hesi kina mpini wa pande mbili, na mzee alikishika kwa mikono yote miwili, viwiko vimekaa juu ya benchi. Akageuza nusu mzunguko mbele, akarudi robo nyuma kuvunja chembe, akageuza tena. Mikono ilitetemeka. Chuma kilikwenda sawa. Fundi wa kukereza vyuma wa mtaa wa pili aliwachongea stadi mpya, nene chini, nyembamba juu, nao wakaipanda kwa gundi ya kushikia hesi. Siku nzima hawakusemezana zaidi ya "shika", "lete", "toa kichwa chako huko unaniziba mwanga".

Pampu haikulegea tena. Mama Nyanya alipoteza matuta yake matatu, na kwa msimu mzima hakumsalimia Radi, ingawa mashine zake aliendelea kuzileta, akimkabidhi Mjomba mkononi.

Wajomba na wapwa wengine wangekumbatiana. Hawa walinuniana karibu mwezi. Mjomba alimwita "Bwana Mkubwa", akampisha njia kwa kuinama, na Radi akawa anatupa spana kwenye sanduku kwa nguvu zisizohitajika. Kisha siku moja ya mvua ikaletwa jenereta yenye kabureta chafu, ile ya kuchanganya petroli na hewa, iliyojaa vitundu vyembamba kama vya sindano. Mjomba aliitazama kwa muda. Aliisukuma juu ya benchi hadi mbele ya mpwa wake.

"Hii yako," alisema. "Kuanzia leo kabureta zote ni zako. Mimi sizipendi."

"Tangu lini huzipendi?"

"Tangu leo. Na usipite nyuma yangu kwenye zile nyingine."

"Sipiti."

"Apa."

"Siapi! Nimesema sipiti, inatosha!"

"Basi usinipigie kelele," alisema Mjomba, akavuta kigoda, akaketi karibu na benchi kumwangalia anavyoifungua, na alipomwona anaanza na skrubu isiyotakiwa kuanza, wakaanza kugombana upya.